Printa ya leza ya Wi-Fi nyumbani: anza na tona, malizia na ruta

Ukifika dukani utaonyeshwa printa. Wewe omba kwanza uonyeshwe katriji yake. Uliza bei, uliza inachapa kurasa ngapi, uliza kama ipo rafuni leo au ni ya kuagiza. Printa utainunua mara moja. Tona utaendelea kuinunua miaka yote utakayokaa nayo, na watu wengi wana printa nzima kabisa iliyowekwa juu ya kabati kwa sababu tu katriji yake haipatikani mjini kwao.

Jambo la pili la kuondoa kichwani mapema ni hofu ya bando. Printa ya Wi-Fi haihitaji intaneti ili kuchapa. Inahitaji ruta tu. Kazi hutoka kwenye simu au kompyuta, hupita kwenye ruta, huingia kwenye printa, yote ndani ya nyumba yako. Bando likiisha saa tano usiku, bado utachapa. Kuna aina moja isiyofuata kanuni hii, nayo tutaifikia.

Kama leza ndiyo inayokufaa

Hesabu kurasa zako za mwezi mmoja. Mwalimu anayetunga majaribio, mzazi wa Kenya anayechapa kazi za mtaala wa umilisi (CBE, zamani CBC), mzazi wa Tanzania anayemchapia mtoto mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita, mwenye nyumba na mikataba ya wapangaji, katibu wa kikundi: hawa wote huchapa maandishi meusi, tena kwa mafungu. Wiki mbili kimya, kisha kurasa 80 kwa siku moja. Matumizi ya namna hiyo ndiyo yanayoiua printa ya wino. Wino ni kimiminika. Ukikaa bila kazi kwenye joto hukaukia kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia, na kila ukiagiza printa ijisafishe unamwaga wino uliolipia. Tona ni unga mkavu, sehemu kubwa yake plastiki. Iache miezi mitatu, itaamka na kuchapa kama vile jana ilikuwa kazini.

Kama unachapa chini ya kurasa 20 kwa mwezi na steshenari iko mtaani kwako, usinunue. Kama unataka picha, leza pia siyo. Picha zipeleke studio. Leza ya rangi ina katriji nne, na rangi moja ikiisha mashine nyingi hugoma au husumbua hadi uibadilishe. Kwa matumizi ya nyumbani, nunua nyeusi.

Hesabu ya ukurasa mmoja

Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la tona nyeusi hupimwa kwa kiwango cha ISO/IEC 19752. Ukurasa wa kipimo hicho ni mwepesi: maandishi hufunika takriban asilimia 5 ya karatasi, kama barua ya kawaida. Mtihani wenye majedwali na michoro ya baiolojia hula mara mbili ya hapo au zaidi, kwa hiyo usishangae katriji ya kurasa 1,000 ikikata tamaa kwenye 500.

Gawa bei kwa idadi ya kurasa. Tuseme katriji ni Sh 75,000 na inachapa kurasa 1,500: hiyo ni Sh 50 kwa ukurasa. Rimu ya karatasi 500, tuseme Sh 12,500, inaongeza Sh 25. Jumla Sh 75, kabla ya bei ya mashine yenyewe. Fanya hesabu hiyohiyo kwa kila printa unayoonyeshwa, kwa bei za siku hiyo, kwenye karatasi, ukiwa bado dukani. Mara nyingi printa ya bei ya chini kuliko zote ndiyo yenye ukurasa ghali kuliko zote.

Kumbuka pia kwamba katriji inayokuja ndani ya boksi jipya mara nyingi ni ya kuanzia, haijajazwa. Canon LBP6030w, kwa mfano, huja na tona ya kurasa 700, wakati katriji yake kamili, namba 725, hutoa 1,600.

Printa za leza za nyumbani zimegawanyika katika makundi matatu, na tofauti iko kwenye dramu, ile silinda inayong'aa ambayo leza huchora juu yake.

Kundi la kwanza lina katriji moja yenye tona na dramu pamoja. Mfano ni HP P1102w inayotumia 85A ya kurasa 1,600, na hiyo Canon LBP6030w. Kila ukibadilisha katriji unapata dramu mpya, kwa hiyo ubora hurudi kama siku ya kwanza. Tena 85A na 725 zina umbo moja, na katriji mbadala moja huuzwa kwa ajili ya printa zote mbili. Jambo kama hilo lina uzito kuliko kasi au umbo la mashine, maana maduka mengi yanaiweka.

Kundi la pili linatenganisha. Brother HL-1210W hutumia tona TN-1050 ya kurasa 1,000 na dramu DR-1050 ya kurasa 10,000. Kubwa yake, HL-L2350DW, hutumia TN-2410 ya kurasa 1,200 au TN-2420 ya kurasa 3,000, na dramu DR-2400 ya kurasa 12,000. Tona huwa nafuu kwa kuwa hununui dramu kila mara, ila siku ya dramu ikifika ni gharama ya mkupuo mmoja. Namba hizo ni za soko la Ulaya. Printa hiyohiyo ya HL-L2350DW iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia TN-730 na TN-760. Soma namba iliyo kwenye mashine uliyonayo mkononi, usitegemee uliyoiona mtandaoni.

Kundi la tatu ni la tangi, kama HP Neverstop 1000w: unasukuma unga kutoka kwenye bomba la kujazia, namba 103A, kurasa 2,500 kila bomba, na dramu yake hudumu kurasa 20,000. Bei ya mashine ni kubwa, bei ya ukurasa ni ndogo. Inamfaa anayechapa rimu nzima kila mwezi au miezi miwili.

Sasa kuhusu kujaza tona kwa fundi. Inawezekana na ni nafuu, lakini katriji za kundi la kwanza hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Ndani yake kuna chumba cha tona chafu iliyokwanguliwa kwenye dramu. Fundi makini hukimwaga chumba hicho kabla ya kujaza. Asiye makini anaongeza unga tu, na baada ya wiki mbili unapata mistari na vumbi jeusi ndani ya mashine. Mwulize kabla: unamwaga tona chafu? Unabadilisha chipu? Kwa kawaida dramu hustahimili kujazwa mara mbili au tatu, kisha kurasa zinaanza kufifia pembeni hata unga ukiwa tele.

Herufi ndogo mwishoni mwa jina

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Herufi w maana yake ina Wi-Fi. Herufi n maana yake ina tundu la kebo ya mtandao. Herufi d maana yake inachapa pande zote mbili yenyewe. Kwa hiyo dw inachapa pande mbili na ina Wi-Fi, na dn inachapa pande mbili ila mtandao wake ni wa kebo tu. HP huuza pia M111a na M111w: zinafanana kama mapacha, lakini ile ya a ina USB peke yake. Soma jina lote kwenye boksi, kisha soma kibandiko cha nyuma ya mashine, maana boksi na mashine huweza kupishana.

Herufi ya kuogopa ni e mwishoni, kama M110we au M209dwe. Hizo ni printa za mpango wa HP+. Zinataka ziunganishwe na intaneti muda wote na zitumie katriji halisi za HP maisha yake yote. Kwa nyumba yenye bando la wiki na katriji za kujaza, mashine hiyo ni mzigo. Iache, hata kama imeshushwa bei.

Kuchapa pande mbili kuna thamani ya kuongeza hela: karatasi hupungua karibu nusu, na kitini cha kurasa 60 kinakuwa karatasi 30. Kama unahitaji pia fotokopi na kuskani vitambulisho, chukua ya kazi nyingi yenye kioo juu. Utakitumia kioo hicho kuliko unavyodhani.

Umeme, kabla hujalipa

Ndani ya printa ya leza kuna fyuza, roli inayopashwa moto hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi ili kuyeyusha tona igande kwenye karatasi. Ikianza kupata moto huvuta umeme kwa mshtuko, wati mia kadhaa hadi kupita 1,000 kwa muda mfupi, kisha hushuka. Ndiyo maana taa hufifia kidogo printa inapoamka. Kutoka hapo yanafuata mambo manne.

Kwanza, usiichomeke kwenye upande wa betri wa UPS ndogo. UPS ya VA 650 hubeba chini ya wati 400. Itapiga kelele, itazima, au itaharibika. Kama UPS ina matundu yaliyoandikwa "Surge", hayo yanaruhusiwa kwa sababu hayapiti kwenye betri.

Pili, usitumie ekstensheni moja kwa printa na ruta. Mshtuko wa fyuza huweza kuizima ruta na kuiwasha upya, nawe utadhani Wi-Fi ndiyo mbovu. Soketi ya ukutani ndiyo mahali pake.

Tatu, printa kutoka Marekani ni ya volti 120. Chaja ya simu hukubali 100 hadi 240, lakini printa ya leza haifanyi hivyo kwa sababu hita ya fyuza hutengenezwa kwa volti moja. Ukiichomeka kwenye 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya, unaichoma. Ndugu akitaka kukutumia kutoka huko, mwambie atume hela. Iliyotoka Uingereza au Dubai haina tatizo hilo, na plagi yake ya pini tatu za mraba ni ileile yetu.

Nne, umeme unaokatika na kurudi ni hatari kuliko kukatika kwenyewe. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi, kinaifaa pia printa. Soma kiwango chake: ampea 5 kwa volti 230 ni wati 1,150, ambazo hutosha printa ndogo. Soma na kibandiko cha printa, usikisie.

Gharama ya LUKU au tokeni isikutishe. Printa ya wati 400 ikichapa dakika moja nzima, kurasa kama 20, imekula takriban uniti 0.007.

Ukinunua ya mtumba

Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi zina printa za ofisini zilizotoka Ulaya, na nyingi bado ni imara. Usilipe kabla ya kuona ukurasa wa taarifa za mashine. Kwenye printa nyingi zisizo na skrini unaupata kwa kushikilia kitufe cha kuendelea au cha kufuta kwa sekunde 5 hivi. Ukurasa huo unaonyesha idadi ya kurasa zilizokwisha kuchapwa, na kwenye printa za Wi-Fi huwa na hali ya mtandao pia. Printa ndogo iliyopita kurasa 50,000 ichukue kwa bei ya vipuri.

Chapa kurasa tano mfululizo. Sugua maandishi kwa kidole mara karatasi inapotoka: yakifutika, fyuza imechoka. Karatasi ikishindwa kuvutwa, roli ya kuvutia imekuwa laini. Hilo ni dogo, roli hubadilishwa. Mwisho, mwombe muuzaji aiunganishe na Wi-Fi ya simu yako palepale. Kadi ya Wi-Fi iliyokufa haionekani kwa macho.

Kuiweka na kuifungua

Meza ngumu na bapa, mbali na dirisha linalopigwa na jua, na nafasi ya sentimita 10 hivi kila upande ili joto litoke. Isikae juu ya friji wala ndani ya kabati lililofungwa. Ukaribu na ruta una faida: ukuta mmoja wa tofali si shida, kuta tatu ni shida.

Ndani ya boksi kuna tepu, mara nyingi za rangi ya machungwa, zimebandikwa kwenye milango, trei na ndani kabisa. Zihesabu unapozitoa. Tepu moja iliyosahaulika ndiyo chanzo cha kelele na karatasi kukwama siku ya kwanza. Toa katriji, ishike kwa pande zote mbili, itikise taratibu kushoto na kulia mara tano au sita ili unga usambae, vuta utepe wa plastiki wa pembeni hadi utoke wote, kisha iingize hadi usikie imekaa. Usiguse dramu kwa vidole na usiiache kwenye mwanga zaidi ya dakika chache, kwa kuwa mwanga huichosha.

Karatasi iwe ya gramu 80, A4. Tawanya fungu la karatasi mithili ya kupepea ili zisigandane, zigonge mezani zilingane, kisha ziweke chini ya alama ya kikomo. Pwani, hasa wakati wa masika, karatasi hunyonya unyevu usiku kucha. Karatasi yenye unyevu hujikunja, hukwama, na hutoa maandishi yaliyofifia kwa mabaka, na mtu hununua katriji mpya bure. Weka kwenye trei zile unazochapa leo tu. Zilizobaki zirudishe kwenye karatasi ya kufungia rimu na uifunge.

Kuiunganisha na Wi-Fi

Kabla ya kugusa printa, jua mambo mawili kuhusu ruta yako.

La kwanza ni masafa. Ruta za sasa hurusha 2.4 GHz na 5 GHz, lakini printa nyingi za nyumbani husikia 2.4 tu. Ruta ikiwa na majina mawili ya mtandao, printa ipe lile la 2.4. Ikiwa na jina moja kwa yote mawili na printa ikagoma, ingia kwenye mipangilio ya ruta utenganishe majina, au uzime 5 GHz kwa dakika tano, uiunganishe printa, kisha uiwashe tena. Simu iliyoko kwenye 5 GHz itaiona printa iliyoko kwenye 2.4 bila shida, mradi ruta ni moja.

La pili ni usalama wa mtandao. Ruta iliyowekwa WPA3 peke yake haitaikubali printa ya zamani. Weka WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Na usiiweke printa kwenye mtandao wa wageni, kwa kuwa mtandao huo huzuia vifaa visionane. Printa itakuwa imeunganishwa vizuri na hakuna atakayeiona.

Anwani ya kuingilia kwenye ruta huandikwa kwenye kibandiko chake. Ruta nyingi za Huawei za laini ya simu ni 192.168.8.1, na zile za faiba mara nyingi ni 192.168.100.1.

Sasa chagua njia.

Ruta ikiwa na kitufe cha WPS, hiyo ndiyo njia fupi. Shikilia kitufe cha Wi-Fi cha printa hadi taa ianze kuwaka na kuzima, kisha bonyeza WPS ya ruta ndani ya dakika mbili. Taa ikitulia, umemaliza. Kwenye baadhi ya ruta WPS imezimwa kwenye mipangilio, kwa hiyo isipojibu usihangaike nayo mara kumi.

Njia ya pili ni programu ya simu ya mtengenezaji: HP (zamani HP Smart), Canon PRINT, Brother Mobile Connect. Washa Wi-Fi, Bluetooth na ruhusa ya mahali ulipo, la sivyo programu haitaiona printa mpya. Zima data ya simu kwa muda, kwani simu ikiona mtandao wa printa hauna intaneti hukimbilia kwenye data na kuvunja mazungumzo katikati. Printa nyingi za HP hukaa kwenye hali ya kusubiri kuunganishwa kwa saa 2 tu baada ya kuwashwa mara ya kwanza. Ukichelewa, rudisha hali hiyo kwa kushikilia kitufe cha Wi-Fi kama kijitabu kinavyosema.

Njia ya tatu, ambayo tunaiamini kuliko zote kwa printa isiyo na skrini, ni kebo ya USB. Unganisha printa na kompyuta kwa kebo, sakinisha draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa) kutoka tovuti ya mtengenezaji, chagua usakinishaji wa Wi-Fi, na programu itahamisha jina la mtandao na nenosiri kwenye printa. Ikikuambia toa kebo, toa. Kebo hiyo mara nyingi haimo kwenye boksi. Nunua ile ya USB yenye ncha moja ya mraba.

Ukimaliza, chapa tena ukurasa wa taarifa na utafute anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha printa kwenye mtandao wako. Ikianza na 192.168 na fungu la tatu la tarakimu likilingana na la ruta, mambo yako sawa. Ikianza na 169.254, printa haijapata anwani kutoka kwenye ruta, rudia.

Ipe anwani ya kudumu

Usiruke hatua hii. Malalamiko makubwa ya printa za Wi-Fi ni kwamba jana ilichapa na leo kompyuta inasema "Offline". Sababu kubwa ni kwamba umeme ulikatika, ruta ikagawa anwani upya, na printa ikapewa nyingine huku kompyuta ikiendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani.

Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani, na uhifadhi anwani moja kwa ajili ya printa kwa kutumia namba yake ya MAC, yaani namba ya kipekee ya kifaa, iliyoko kwenye ukurasa wa taarifa. Kama ruta haina nafasi hiyo, andika anwani ya IP ya printa kwenye kivinjari ili ufungue ukurasa wake wa ndani, na huko weka anwani kwa mkono. Chagua iliyo nje ya zile ambazo ruta hugawa. Ruta za Huawei za laini ya simu kwa kawaida hugawa kuanzia 192.168.8.100 hadi 200, kwa hiyo 192.168.8.50 inafaa. Kinyago cha mtandao ("Subnet mask") andika 255.255.255.0, na lango ("Gateway") andika anwani ya ruta yenyewe. Ukiwa humohumo, weka nenosiri la msimamizi.

Kompyuta na simu

Kwenye Windows 11 nenda "Printers & scanners", bonyeza "Add device", subiri, na "Add manually" itokee. Chagua kuongeza kwa anwani ya IP, aina iwe "TCP/IP Device", andika ile anwani ya kudumu. Njia hii ni bora kuliko kukubali printa iliyojitokeza yenyewe, kwa sababu hiyo mara nyingi huwekwa kwenye tundu la mtandao la WSD ("WSD port") linalopotea kila mtandao unapotetereka. Printa za bei ndogo huhitaji draiva yake halisi. Draiva ya jumla huweza kutoa kurasa za alama zisizosomeka.

iPhone huhitaji printa yenye AirPrint, na haihitaji kusakinisha chochote. Kwenye Android, tafuta neno "Printing" ndani ya mipangilio, washa huduma ya kuchapa iliyopo au sakinisha programu ya Mopria. Kama mwongozo wa zamani unakuelekeza Google Cloud Print, upite: huduma hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2020.

Nyumba isiyo na ruta nayo inachapa. Printa nyingi zina Wi-Fi Direct: printa hurusha mtandao wake, simu inajiunga, inachapa, inatoka. Jina na nenosiri viko kwenye ukurasa wa taarifa. Njia nyingine ni hotspoti ya simu iliyowekwa 2.4 GHz; kwenye iPhone 12 na zilizofuata, washa "Maximize Compatibility".

Inapogoma

Umeme ukirudi, washa ruta kwanza, subiri dakika mbili au tatu, ndipo uwashe printa. Printa huamka mapema kuliko ruta, na baadhi zikikosa mtandao hazijaribu tena. Bado kimya? Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri uandike ping na anwani ya printa. Ikijibu, tatizo liko kwenye kompyuta. Isipojibu, liko kwenye mtandao. Kazi iliyoganda kwenye foleni ya Windows huondolewa hivi: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net stop spooler, futa mafaili yote ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha andika net start spooler.

Umeme ukikatika karatasi ikiwa ndani, chomoa plagi, fungua mlango, subiri kama nusu saa fyuza ipoe, kisha vuta karatasi kwa mikono miwili kuelekea ilikokuwa ikienda. Usitumie kisu wala bisibisi.

Doa linalojirudia kwenye ukurasa lipime kwa rula. Likijirudia kila milimita 75 kwenye HP na Canon ndogo, au kila milimita 94 kwenye Brother za aina ya HL-L2350DW, dramu imechafuka au imekwaruzwa. Mstari mweupe wa wima ni tona inayokwisha. Itikise katriji upate kurasa nyingine kadhaa. Maandishi yanayofutika wakati fyuza ni nzima hutokana na mipangilio: umechapa karatasi nzito huku draiva ikidhani ni nyembamba.

Tona ikimwagika, usiipulize na usitumie mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi, kwa kuwa unga wake ni mwembamba kiasi cha kupita kwenye chujio. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Nguo ikung'ute nje, kisha ifue kwa maji baridi pia. Maji ya moto huyeyusha plastiki na doa halitoki tena.

Mende, sisimizi na mijusi hupenda joto la mashine inayolala. Ukimaliza kuchapa, iache ipoe robo saa, izime ukutani, uifunike kwa kitambaa chepesi.